Pedali ya Breki na Ushahidi wa Mguu

Katika viungo vyote vya gari ambavyo dereva huvigusa kwa mkono au kwa mguu, hapana kilichopewa dhamana kubwa kuliko pedali ya breki. Na kwa kuwa roho za walio ndani ya gari, pamoja na za wapitao kando ya njia ambao hawaijui hata sura ya dereva, zimewekwa juu ya kipande hicho kifupi cha chuma, ni insafu kila badiliko la tabia yake, ijapokuwa dogo, lisikilizwe kama kadhi mwadilifu asikilizavyo shahidi: kwa subira, kwa maswali yenye utaratibu, na bila ya kukata hukumu kabla ya maneno kwisha. Kwa bahati mbaya, katika gereji zetu nyingi hukumu hukatwa kwanza na shahidi huulizwa baadaye. Dereva husema kwamba breki haziko sawa, fundi hujibu kwamba masta silinda imekufa, mwenye gari hutoa fedha, spea mpya hufungwa. Kisha gari huondoka na ila ile ile liliyoingia nayo.

Makala haya yana azma ya kutetea jambo moja: kwamba kuitambua kasoro ya breki ni kazi kamili, yenye elimu yake na thamani yake, nayo ni mbali na kazi ya kufungua na kufunga nati, na kwamba mwenye gari anayekataa kuilipia kazi ile ya kwanza, aghalabu huja kuilipia hii ya pili mara mbili na tatu. Nimeichagua pikapu iwe mfano kwa kuwa ni nadra gari dogo la namna nyingine kutumikishwa breki zake katika hali zinazotofautiana kiasi hicho: asubuhi tupu, mchana imejaa magunia, jioni imebeba watu na mbuzi, kiangazi katika vumbi na masika katika matope.

Na tuifikirie Toyota Hilux moja ya dizeli, ya zile za miaka ya 1990, yenye diski katika magurudumu ya mbele na dramu katika magurudumu ya nyuma, ambayo riziki yake ni kubeba nyanya kutoka mashamba ya Ilula, katika Mkoa wa Iringa, na kuziteremsha kwa barabara kuu ya kwenda Morogoro kupitia mlima wa Kitonga. Kutoka shambani hadi lami njia ni ya udongo, yenye mashimo na makorongo, na mahali pengine hukatwa na vijito. Dereva wake amefika gereji na lalamiko ambalo kwa kusikia mara ya kwanza ni gumu kufahamika.

"Shikamoo, fundi," asema. "Breki hizi zinanitia hofu. Nikitoka njia ya shamba nikakanyaga mara ya kwanza, pedali inakwenda chini kupita nusu. Nikiachia nikakanyaga tena, inasimama juu, imara, haina neno. Nikishaingia lami, mchana kutwa nzuri."

"Marahaba, mwanangu. Mmekwisha kubadilisha nini?"

"Tajiri alinunua raba za masta silinda, zikafungwa, hali ile ile. Akanunua masta silinda nzima. Hali ile ile. Upepo umetolewa mpaka tumechoka, na sasa wanasema ni busta."

Fundi mwenye pupa angeyakamata maneno ya mwisho na kumtuma mtoto dukani. Fundi mwenye maarifa huyakamata maneno ya katikati, kwa maana ndani yake mna habari tatu ambazo hakuna spea iuzwayo inayoweza kuzisema: lini pedali hushuka, lini hupanda, na gari limetoka katika njia ya namna gani. Tutarudi kwa gari hili baada ya kujifunza lugha ya pedali yenyewe.

Jinsi nguvu za mguu zisafirivyo

Asili ya breki za mafuta ni kanuni iliyobainishwa na mwanazuoni wa Ufaransa, Blaise Pascal, katika karne ya 17, kwamba msukumo utiwao katika kimiminiko kilichofungiwa ndani ya chombo huenea pande zote kwa kiasi kimoja. Kanuni hiyo ilingoja muda mrefu kabla ya kutumikishwa katika gari: Malcolm Loughead wa Marekani alipata hataza ya breki za namna hiyo mwaka 1917, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ikatoa gari la abiria lenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Tangu hapo mpango wenyewe haukubadilika sana. Pedali ni wenzo unaozidisha nguvu za mguu mara kadhaa. Busta huziongeza tena kwa msaada wa vakyumu. Masta silinda huyasukuma mafuta ya breki. Na mafuta hayo, yakipita katika mabomba ya chuma na mipira michache ipindayo, huzisukuma pedi zikaibana diski mbele, na huvisukuma viatu vya breki, ambavyo mafundi huviita shuu, vikaigusa dramu nyuma.

Katika mpango huo kuna mambo mawili ambayo mtu akiyashika vema ameushika ufunguo wa takriban kila fumbo la pedali. Jambo la kwanza ni kwamba mafuta hayashindiliki, ilhali upepo na mvuke hushindilika. Kwa hiyo popote palipoingia upepo, mguu hufanya kazi ya kuushindilia kwanza kabla ya kulisimamisha gari. Jambo la pili ni kwamba shuu na pedi hazirudi nyuma kwa namna moja. Shuu huvutwa na springi kila dereva anapoachia pedali, zikaenda mpaka pale zilipowekewa kikomo. Bali pedi hazina springi yenye nguvu ya kuzivuta, na pistoni izisukumayo, iliyo ndani ya kalipa, hurudi kwa kiasi cha unywele tu, kwa kunyumbuka kwa raba yake, hata pedi zikabaki zimeikaribia diski. Tofauti hii, ambayo kwa macho yaonekana si kitu, ndiyo itakayolifumbua fumbo la gari la Ilula.

Sura sita za lalamiko

Madereva husema kwa maneno mengi, lakini yaliyo mengi katika maneno yao yaweza kukusanywa katika sura sita, na kila sura ina njia yake ya kuthibitishwa.

Sura ya kwanza ni pedali laini, inayobonyea chini ya mguu bila ya kukutana na kitu kigumu, na ambayo ikipigwa mara tatu nne hupanda na kuwa bora kidogo. Dhana ya kwanza hapa ni upepo katika mafuta, nayo mara nyingi ni dhana ya kweli, hasa ikiwa breki zilifunguliwa siku za karibuni au kikopo cha mafuta kiliachwa kikakauka. Lakini kutoa upepo hakutoshi ikiwa upepo wenyewe umenaswa mahali usipoweza kutoka. Upepo hupanda juu daima. Kwa hiyo kalipa ya kulia ikifungwa kushoto na ya kushoto ikafungwa kulia, nipeli ya kutolea upepo huelekea chini, na mtu aweza kumwaga kopo zima la mafuta bila ya pedali kupata nafuu. Kadhalika mpira wa breki uliozeeka huweza kuvimba unapopata msukumo. Dawa ya shaka hii ni kumweka mtu mmoja akanyage, na mwingine autazame na kuushika mpira kila mmoja kwa zamu yake.

Sura ya pili ni pedali ndefu lakini imara: huenda mbali, kisha hukutana na ugumu wa kweli. Hapo aghalabu mafuta hayana kosa. Kilichopo ni nafasi kubwa mno kati ya shuu na dramu, kwa kuwa bandu bandu huisha gogo, na shuu zilizolika bila ya kusogezwa huiacha pedali ikisafiri safari ndefu kuzifikia dramu. Jaribio lake ni jepesi ajabu. Gari likiwa limesimama, vuta breki ya mkono, kisha kanyaga pedali. Ikiwa imepanda kuliko ilivyokuwa, basi nafasi iko nyuma, na kazi iliyobaki ni kufungua dramu, kuzitazama shuu, na kuzisogeza kwa kiasi chake.

Sura ya tatu ni pedali izamayo. Dereva akanyaga na kuitulizia mguu mahali pamoja, nayo, badala ya kusimama, hushuka polepole mpaka sakafuni. Lililo wajibu kwanza ni kutafuta mafuta yanakovujia: upande wa ndani wa kila gurudumu, viungo vya mabomba, na mahali ambapo masta silinda hukutana na busta, maana mafuta huweza kuvuja kuingia ndani ya busta yasionekane ardhini hata tone. Ikiwa mafuta hayapungui popote, ndipo raba za ndani ya masta silinda zihukumiwe, kwamba zinayaachia mafuta yapite kutoka upande wenye msukumo kurudi upande usio na msukumo. Na hapa lipo onyo kwa wale wanaotoa upepo katika gari kuukuu kwa kukanyaga pedali mpaka chini kabisa: kwa miaka mingi raba zimetembea sehemu moja tu ya silinda, na sehemu iliyobaki huenda imepata kutu na uchafu; zikilazimishwa kufika huko huchanika, na masta silinda iliyokuwa nzima asubuhi huwa mbovu jioni. Kipande cha ubao kikiwekwa chini ya pedali chatosha kuizuia hasara hiyo.

Sura ya nne ni pedali ngumu: haishuki, na gari halisimami ila kwa nguvu za mguu na mgongo. Huu ni ushahidi wa kukosekana kwa vakyumu, au kufa kwa busta yenyewe. Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, kisha iendelee kukanyagwa huku injini ikiwashwa. Busta ikiwa nzima, pedali hujishusha kidogo chini ya mguu mara injini inapopata uhai. Isiposhuka, usikimbilie busta. Injini ya dizeli haitoi vakyumu ya kutosha kama itoavyo ya petroli, kwa hiyo huwekewa pampu yake; na katika Hilux nyingi za dizeli za zamani pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Altaneta iliyobadilishwa kwa nyingine isiyo na pampu nzima, au mpira wa vakyumu uliopasuka, au vali yake ya kuzuia upepo usirudi ikiwa imekufa, yote hayo huleta pedali ngumu, na yote ni rahisi kuliko busta.

Sura ya tano ni pedali itetemekayo chini ya mguu kwa kadiri ya mzunguko wa magurudumu. Watu husema kwamba diski imepinda. Lakini mara nyingi kilichotokea ni kwamba unene wake haulingani pande zote, kwa kulika au kwa mabaki ya pedi kugandamana mahali pamoja, nao ni upungufu mdogo sana ambao jicho haliuoni mpaka upimwe kwa kipimo. Nati za magurudumu zilizokazwa kwa nguvu zisizolingana huweza kuwa mwanzo wa taabu hiyo. Ili kujua ikiwa kosa ni la mbele au la nyuma, gari na liendeshwe polepole mahali peupe pasipo watu, kisha livutwe breki ya mkono kwa uangalifu huku kitufe chake kikishikiliwa. Likitetemeka, dramu za nyuma ndizo zenye kushukiwa. Mwenye gari lenye mfumo wa ABS naye ajue kwamba mtetemo wa haraka haraka utokeao wakati wa kukanyaga kwa ghafla juu ya changarawe au utelezi ni kazi ya mfumo huo, wala si ugonjwa.

Sura ya sita ni breki zinazoshika na kukataa kuachia, hata gari likawa zito na gurudumu likapata moto. Hapa ndipo ufundi wa kupambanua hung'aa. Gurudumu lililoshika linyanyuliwe kwa jeki, kisha ilegezwe nipeli yake. Lisipoachia, kilichoshika ni chuma chenyewe: pistoni ya kalipa au pini zake zimepata kutu. Likiachia, basi palikuwa na msukumo ulionaswa. Na hapo gari hukanyagwa tena mpaka lishike, na safari hii hulegezwa bomba katika masta silinda. Likiachia kwa huko, kosa ni la masta silinda au la pedali isiyorudi vema. Lisipoachia kwa huko bali kwa nipeli tu, basi mpira ulio kati umeoza kwa ndani, ukageuka kuwa mlango unaoyaruhusu mafuta kwenda na kuyakataza kurudi. Kwa nje mpira huo huweza kuonekana mzuri usio na kasoro yoyote.

Fauka ya majaribio haya, kuna kanuni moja ya kutenga ambayo ningependa kila gereji iwe nayo. Mipira ya breki hubanwa yote kwa vibanio vyenye meno laini visivyoukata mpira, kisha pedali hukanyagwa. Ikiwa juu na imara, masta silinda na yaliyo karibu nayo hayana hatia. Ndipo kibanio hufunguliwa kimoja kimoja, na gurudumu ambalo likifunguliwa pedali huanguka, ndilo lenye siri. Kwa muda mfupi, na bila ya kununua kitu, gari zima limegawanywa vipande na kosa limepatikana mahali pake.

Fumbo la gari la Ilula

Sasa na turejee kwa yule dereva. Fundi wetu, baada ya kumsikiliza, hakugusa spana, bali aliuliza swali moja: "Gari likilala usiku, asubuhi ukikanyaga kabla hujaliondoa, pedali iko wapi?"

"Iko juu, fundi. Imara."

Jibu hilo fupi liliziondoa dhana tatu kwa mpigo mmoja. Kama mngekuwa na upepo, pedali ingekuwa laini asubuhi kama ilivyo jioni. Kama masta silinda ingekuwa inapitisha mafuta kwa ndani, pedali ingezama chini ya mguu uliotulia, si kupanda kwa mkanyago wa pili na kukaa juu. Kama shuu za nyuma zingekuwa mbali na dramu, springi zingezirudisha huko kila mara, na pedali ingekuwa ndefu kila baada ya mapumziko, gari likiwa linakwenda au limesimama. Lililobaki ni moja: kwamba kuna kitu ambacho, gari linapokwenda katika njia mbaya, huzisukuma pedi za mbele pamoja na pistoni zake ndani ya kalipa, zikaachana na diski, ndipo mkanyago wa kwanza unapotumika wote katika kuzirudisha mahali pake, na mkanyago wa pili ukazikuta zimekwisha kukaribia. Na kitu kinachoweza kuzisukuma pedi namna hiyo ni diski yenyewe inapoyumba.

Magurudumu ya mbele yakanyanyuliwa. Fundi akalishika gurudumu la kushoto juu na chini, akalitikisa, likacheza. Akamwomba dereva akanyage breki, akatikisa tena. Mchezo ukatoweka, na hilo likampa yakini kwamba iliyolegea ni beringi ya gurudumu, si viungo vya usukani wala vya springi, kwa kuwa viungo hivyo vingeendelea kucheza hata breki ikiwa imekanyagwa. Habu ilipofunguliwa, grisi ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa kwa maji ya vile vijito vya njiani, na raba ya kuzuia maji ilikuwa imekwisha kulika. Beringi zikasafishwa na kukaguliwa, zilizochubuka zikabadilishwa, raba ikawekwa mpya, grisi ikajazwa, na nati kubwa ya milimita 54 ikakazwa kwa kipimo chake na kufungiwa kizuizi chake. Mfumo wa breki wenyewe haukuwa na kosa hata kidogo. Fedha zote zilizotangulia zilikuwa zimetumika kuwaadhibu wasio na hatia.

Kisa hiki nimekipanga kuwa mfano, lakini ila yenyewe si ya kubuni, na kila fundi aliyezoea pikapu za mashambani ataitambua. Nimeirefusha habari yake kwa makusudi, ili ionekane kwamba kilichotoa jibu ni mpangilio wa maswali, ambao hautegemei mtambo wa gharama wala kompyuta, na ambao gereji iliyo chini ya mwembe yaweza kuwa nao sawa na karakana yenye sakafu ya vigae.

Mzigo, springi, na moto wa Kitonga

Yapo mambo mawili ambayo pikapu za nchi zetu zina haki ya kutajiwa peke yake. La kwanza ni vali ya kupimia mzigo, iliyofungwa katika chasi za pikapu nyingi juu ya ekseli ya nyuma, na kuunganishwa na ekseli hiyo kwa fimbo. Gari likiwa tupu, chasi huwa juu, na vali huupunguza msukumo wa breki za nyuma ili magurudumu mepesi yasifunge na kuteleza; gari likijaa, chasi hushuka, nayo vali huuachia msukumo uende wote. Mpango huu ni wa hekima, lakini hutegemea springi kubaki kama zilivyoundwa. Sisi tuna desturi ya kuongeza vipande vya springi ili pikapu ya tani moja ibebe zaidi. Na matokeo yake ni kwamba gari limejaa magunia, chasi haikushuka, na vali ikadhani kwamba gari ni tupu. Breki za nyuma hunyimwa haki yao, za mbele hubeba mzigo wote, pedi huisha upesi, na dereva hulalamika kwamba lazima akanyage kwa nguvu nyingi. Hakuna spea mpya itakayomfaa mpaka fimbo ya vali irekebishwe kwa kimo kipya na msukumo upimwe, au, lililo bora, gari lirudishiwe mzigo wake halali. Na asisahau fundi kwamba katika Hilux nyingi vali hiyo ina nipeli yake yenyewe ya kutolea upepo. Asiyeijua atahangaika na magurudumu manne huku upepo umekaa juu ya difu, katika mahali pa tano.

La pili ni moto. Gari lenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na shehena yake, likishuka kimo cha mita 300, lina nguvu ambazo zikigeuzwa joto zatosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji baridi; na dereva ashukaye Kitonga kwa gia kubwa, mguu juu ya breki tangu kileleni, anaupeleka karibu moto wote huo katika diski na dramu zake. Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa kadiri siku zinavyopita. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji kufikia asilimia 3.7, kipimo kinachodaiwa kwao hushuka hadi nyuzi 140. Ya DOT 4 hudaiwa nyuzi 230 yakiwa mapya, na 155 yakishanywa maji kiasi hicho. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa huzaa mvuke, mvuke hushindilika, na pedali iliyokuwa nzuri kileleni huenda sakafuni kabla ya kufika bondeni. Kisha gari hukokotwa kando, breki hupoa, mvuke hurudi kuwa maji, na fundi aitwapo huikuta pedali imesimama juu haina ila. Ndipo dereva huonekana mwongo, ilhali ushahidi wake ni wa kweli mtupu.

Dereva mwenyewe aweza kupambanua aina mbili za taabu ya moto kwa mguu wake. Pedali ikilainika na kuzama, mafuta yamechemka. Pedali ikibaki juu na imara lakini gari halipungui mwendo, ni pedi na shuu zilizopata moto zikapoteza mshiko. Dawa ya zote mbili huanza kabla ya mteremko: kuingiza gia ndogo kileleni, kuiachia injini ilizuie gari, na kukanyaga breki kwa vipindi vifupi vyenye nguvu badala ya kuulaza mguu juu yake. Na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama kikopo kimejaa, kwa maana kujaa kwake si hoja ya uzima wake. Asithubutu mtu kutia oili ya injini, wala mafuta ya usukani, wala maji ya sabuni katika kikopo hicho kwa kisingizio cha dharura. Oili huvimbisha raba zote za mfumo, na gari lililotiwa hivyo, hata likifika mjini, raba zake zote zapaswa kutupwa.

Ujira wa fikra

Nimesema tangu mwanzo kwamba nina jambo moja la kutetea, na sasa nalisema wazi. Desturi yetu ya malipo ndiyo mama wa makosa haya. Tajiri hulipia spea kwa kuwa huishika mkononi, na hulipia ufungaji kwa kuwa huona jasho. Lakini saa ile ambayo fundi aliuliza, akatikisa gurudumu, akabana mipira na kuwaza, huihesabu kuwa si kazi, akaondoka na kusema kwamba fundi huyo hakufanya kitu. Maadamu hali ni hiyo, fundi mwenye watoto wa kulisha hana njia ila kubadilisha kitu, chochote kile, ili apate haki ya kudai ujira. Na taksiri hiyo si yake peke yake, bali ni yetu sote tuliomlazimisha.

Basi wajibu umegawanyika kwa watu watatu. Dereva na aeleze kwa tafsili: lini, wapi, kwa mzigo gani, mkanyago wa kwanza au wa pili, breki zikiwa baridi au zina moto, wala asione haya kuirudia habari yake, wala asiliondoe gari lenye pedali asiyoielewa kwa kutumaini kwamba leo litasalimika. Fundi na akatae kutaja spea yoyote kabla ya kuwa na ithibati anayoweza kuionyesha kwa mkono wake mbele ya mwenye gari, na awafundishe vijana wake kuuliza kabla ya kuwafundisha kukaza. Na mwenye gari akubali kuandikiwa katika hati ya gereji mstari mmoja wa ziada, mstari wa uchunguzi, wenye bei yake, hata siku ambayo hakuna kilichobadilishwa. Mstari huo ukizoeleka katika hati zetu, fundi hodari atakuwa na sababu ya kufikiri na fundi wa kubahatisha atakuwa na sababu ya kujifunza. Na katika breki, ambako kosa la kubahatisha hulipwa na watu wasiokuwamo hata katika mapatano ya gereji, sioni ujira ulio halali zaidi ya huo.